Mzee Ambroise Mumbere, Aliyewatandikia Ngege Kitanda

Mafundi wenzake wa Katwe, majirani, wakwe, baba padri, na ninyi nyote mliokuja kukaa nasi, tunaomba walio kwenye mikeka wasogee kidogo ili waliosimama nje nao wapate pa kukaa, kwa maana maisha tunayoyasoma leo ni marefu na mwenyewe hakupenda yakatizwe. Waliokuwepo mwaka 1974 wanajua kwamba hii ni mara ya pili historia ya mzee huyu inasomwa kwenye matanga yake, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa na makosa manne, ambayo marehemu aliyasahihisha mwenyewe, kwa hiyo safari hii mjane wake, Mama Kahambu, amesimulia yote tangu mwanzo, sisi familia tumeandika kama alivyosema, tarehe tumezihakikisha, na mbuzi tumewahesabu upya.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1924, si 1922, katika kijiji cha Kiavinyonge, Kongo, kando ya ziwa ambalo wakubwa wa serikali wamelibadilisha jina mara kadhaa bila kuwauliza samaki, akiwa mtoto wa kwanza kati ya saba. Mama yake alikuwa akikausha samaki na kuwatia chumvi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka ziwa, naye alikuwa na sheria moja nyumbani kwake, kwamba msimu wa mvua mtoto yeyote asitie mguu kwenye maji ya kina kifupi, kwa sababu ndipo ngege wanapotandika. Kwa wale ambao ngege wanamjua kwenye sahani tu, tunaeleza kwamba dume la ngege huchimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga, kipana kama ungo, hukifagia kwa mdomo mpaka kiwe safi, ndipo jike huja kutaga humo, na pasipo na mchanga safi hakuna kishimo, na pasipo na kishimo hakuna watoto. Mtoto akisahau, basi mama yule alipiga kelele kutoka kwenye vichanja vyake, "Ondoa miguu kitandani kwa watu," kisha akainama na kuwaomba samaki msamaha kwa niaba ya ukoo mzima.

Alisoma shule ya mapadri huko Beni kuanzia mwaka 1933 hadi 1935, akaacha, na tunasisitiza kwamba aliacha, hakufukuzwa. Ilikuwa hivi, mwalimu wa katekisimu aliwaeleza watoto habari za wale mitume waliotupa wavu ukajaa samaki hadi ukakaribia kuchanika, Ambroise akanyoosha mkono akauliza kama ule ulikuwa msimu wa kutaga, mwalimu akamwambia kaa chini, akakaa, akanyoosha tena akasema kwamba anauliza kwa sababu kama ulikuwa msimu wa kutaga basi haikuwa haki, na alipouliza mara ya tatu alipewa ndoo akachote maji, akaenda nayo moja kwa moja mpaka nyumbani. Ndoo ya shule ilirudishwa na mama yake.

Mwaka 1941 alikwenda Butembo kujifunza kazi ya bati, akashika nyundo na hakuiweka chini tena, na tarehe 12 Juni 1948, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Kahambu, baada ya kupeleka kwa wakwe mbuzi kumi na mbili, si tisa, na samaki mmoja wa chumvi ambaye hakuombwa, lakini marehemu alisema hawezi kwenda ukweni bila kitu kutoka kwao. Mungu aliwajalia watoto watatu, Hortense aliyezaliwa mwaka 1950, Monique mwaka 1953, na Kasereka mwaka 1957. Vita vilipofika Butembo, familia ilifunga mizigo, ikavuka mpaka wa Kasindi Novemba 1964, ikafika Kampala kwa lori la ndizi, na wiki iliyofuata marehemu alikuwa tayari ameketi Katwe kwenye kigoda cha kuazima, akitengeneza masanduku ya bati ya watoto wa shule. Sanduku lake mlikuwa mnalijua hata likiwa kichwani kwa mtu barabarani, kwa sababu mbele alilichora ua jekundu la petali tano lenye kitovu cha njano, na ua hilo tunaomba mlikumbuke, litarudi.

Sasa, mtu aliyezaliwa ziwani akikaa kwenye moshi na kelele za Katwe siku sita, ya saba lazima atafute maji. Kila Jumapili baada ya misa ya Lubaga marehemu alipanda baiskeli yake akaenda chini ya Gaba, kwenye kighuba kidogo ambacho wenyeji wanakiita Nakasenyi, kwa sababu upande wake wa mashariki palikuwa na mchanga na matete kama Kiavinyonge, akachuchumaa pale, akahesabu vitanda vya ngege, akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kuwasalimia wazazi. Hakuvua. Mama Kahambu alimuuliza kwa nini asilete hata mmoja wa mchuzi, akajibu kwamba hawezi kumvuta mtu kitandani.

Mwaka 1971 walikuja wakandarasi wenye lori wakakomba mchanga wote wa Nakasenyi kwa ajili ya majengo, wakafyeka matete ili lori zipite, na baada yao wakaja askari wa kambi moja ya jirani, ambao waligundua kwamba ng'ambo ya magharibi panafaa kuogeshea magari, wakaosha hapo mafuta na sabuni na matope ya nchi nzima. Pasaka ya mwaka 1972 marehemu alikwenda kuhesabu, hakukuta hata kitanda kimoja, maji yalikuwa na rangi ya chai, na chini palikuwa na tope la kuzamisha mguu hadi gotini. Alirudi, akakaa mlangoni, hakula, na mkewe alipomuuliza nani amekufa, alisema, "Wamehama, Mama Hortense. Na wao wamekuwa wakimbizi."

Hapo ndipo kazi ya maisha yake ilipoanza, ingawa kwa nyumba yake ilianza kama fedheha. Jumapili baada ya Jumapili alirudi nyumbani jioni na mchanga kwenye suruali, mchanga kwenye viatu, mchanga hata kwenye kofia, na akiulizwa anasema alikuwa matembezini. Jirani yetu Akullo, muuza samaki, mke wa Komakech askari wa magereza, alimwita Mama Kahambu kando akamwambia, "Dada, mimi nimeolewa na askari, mimi najua matembezi. Mchanga wa kwenye kiatu ni njia. Mchanga wa kwenye kofia ni mwanamke." Basi Jumapili ya pili ya Julai 1972 wanawake hawa wawili walimfuata, Mama Kahambu akiwa na mwiko, wakapenya vichakani mpaka ufuoni, na huko wakamkuta mzee wa watu akiwa ndani ya maji hadi mapajani, peke yake, anamimina mchanga taratibu kutoka kwenye sanduku la shule, anausawazisha kwa kiganja kama mtu anayetandika shuka, huku akiongea na maji kwa Kinande, lugha ya kwao. Mama Kahambu alishusha mwiko, akasema maneno ambayo Akullo huyarudia hadi leo, "Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningempiga."

Lakini alivua kanga ya juu, akaingia majini. Na Akullo, ambaye meza yake sokoni ilikuwa imebaki na mukene peke yao, dagaa wadogo ambao hata paka walikuwa wamewachoka, aliingia naye. Tangu siku ile kazi ilifanywa Jumapili kwa Jumapili, mwaka mmoja na nusu, na ilifanywa kifundi. Marehemu alitengeneza machekeche matatu ya bati, kila moja na matundu ya kiasi chake, mchanga ukaletwa kwa magunia juu ya baiskeli kutoka mashimo ya mbali, ukachekechwa ukaoshwa mpaka ukaacha kutia maji rangi, ndipo ukamwagwa, na ili tope lisirudi kuufunika, alizungushia kingo za vipande vya bati vilivyokatwa kwenye masanduku mabovu, akavizamisha wima mchangani. Nyuma yake akapanda upya matete, shina kwa shina. Walioonywa wasikanyage walikanyaga na kuonywa tena, na Mama Kahambu anakiri kwamba sauti ya mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekufa miaka mingi, ilisikika Nakasenyi kupitia kinywa cha mumewe zaidi ya mara moja.

Jumapili tarehe 17 Februari 1974 kilionekana kitanda cha kwanza. Marehemu aliwaita wanawake kwa mkono, wakainama wote watatu wakamwona dume mmoja mweusi mweusi akibeba mchanga mdomoni na kwenda kuutema nje, anarudi, anabeba, anatema, na marehemu akawaeleza kwa kunong'ona kwamba jike akija atataga, atayachukua mayai kinywani mwake, ataondoka nayo akayalelee mbali, na dume atabaki na shimo lake. Akullo akasema, "Kumbe mume anajenga, anafagia, halafu bibi anabeba watoto na kwenda zake. Hii samaki ina akili. Komakech asijue."

Katikati ya Aprili mwaka huo mvua iliharibu upande wa magharibi, lori za askari zikakwama, na Jumanne tarehe 16, siku mbili baada ya Pasaka, zilihamia mashariki. Kiongozi wao alikuwa sajini mmoja mrefu, mtu wa Rhino Camp kando ya Mto Nile, jina lake Draku. Kijana wake wa kwanza alishuka na ndoo, akatazama majini, akaona miviringo kumi na minne iliyopangwa kwa nafasi sawasawa, kila mmoja umefukuliwa na kusawazishwa vizuri, na kwa kuwa mwezi ule kulikuwa na maneno mengi kambini kuhusu maadui waliotega mabomu barabarani, aliweka ndoo chini polepole sana akarudi kinyumenyume. Sajini akachukua mti mrefu akadunga, mti ukagonga bati, likalia, na askari wote wakajitupa chini, isipokuwa koplo mmoja ambaye baadaye alipatikana Gaba. Walipofanikiwa kuvuta kipande kimoja kwa waya wa ndoano, walikuta kina nusu ya ua jekundu lenye kitovu cha njano, na Sajini Draku akakitazama kwa uchungu akasema, "Hawa watu wana dharau sana. Bomu wanapamba."

Taarifa ikapelekwa juu kwamba kuna mabomu kumi na manne, amri ikarudi kwamba atafutwe mtaalamu wa chuma, na askari wawili wakafika Katwe kuuliza ni nani anayejua bati kuliko wote. Fundi Odoch, ambaye yuko hapa leo na tunamwomba asiinamishe kichwa, alijibu kwa heshima zote za fani, "Bati lote la Kampala linamjua Mumbere," na kabla hajamaliza kujivunia rafiki yake, rafiki alikuwa ameshasukumwa ndani ya landrova na nyundo yake mkononi.

Ninyi mnajua, na hatuna haja ya kueleza, maana ya mtu kupandishwa kwenye gari la namna ile mwaka ule.

Huko Nakasenyi walimfunga kamba kiunoni, wakashika ncha yake wakiwa wamelala kifudifudi nyuma ya lori, wakamwambia aende akaangalie. Marehemu aliona kipande cha bati kimelazwa juu ya nyasi, akalitambua ua lake. Akisema ni samaki, sajini aliyekwishapeleka taarifa kwa wakubwa wake ataonekana mjinga, na sajini aliyeonekana mjinga miaka ile hakuangamia peke yake, halafu lori zote zingeteremka hapo hapo zikaoge juu ya vitanda. Akisema ni mabomu, ataambiwa ayatoe. Na yeyote atakayelifuata lile ua atafika kwenye kigoda chake Katwe. Alisimama majini akitafuta neno, na wakati anatafuta, dume la ngege mwenye kitanda cha karibu, ambaye hakuwa na habari za serikali, alitoka akamdonoa kidole cha mguu, mzee akaruka, askari wakajifunika vichwa, na ushauri ukawa umepatikana.

Alirudi ufuoni pole pole akasema, "Afande, ziko hai."

"Toa," alisema Draku.

"Zikiguswa sasa zitaharibika, afande, na zikiharibika," akaanza, hakumaliza, akamwachia sajini amalizie mwenyewe kichwani, naye alimalizia vizuri sana kwa sababu alirudi nyuma hatua kumi. Ndipo marehemu, ambaye maishani hakuwahi kudanganya hata bei ya sanduku, alipotoa masharti ya kitaalamu, kwamba lori isikaribie, mafuta yasimwagike, matete yasikatwe, mchanga usichukuliwe, mtu asikanyage, na sabuni isiguse maji yale mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Askari mmoja aliuliza, "Mzee, bomu gani haipendi sabuni?" Marehemu akamjibu, "Hii."

Walimweka pale awe mlinzi na mshauri, na hapo taabu ya Sajini Draku ikaanza, kwa maana mvua ilikuwa nzuri, maji yalikuwa yametulia, na ngege walipata habari. Asubuhi ya pili waliohesabu walihesabu kumi na nane. Asubuhi ya nne, ishirini na mbili. Sajini aliongeza walinzi, akaongeza waya, akawapiga walinzi, na asubuhi ya saba zilikuwa ishirini na sita. Alimjia marehemu akiwa hajanyoa wala hajala, akachuchumaa karibu naye akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, niambie ukweli. Bomu inazaa?"

"Za siku hizi, afande," alisema marehemu, "zinazaa."

Kwa sajini haikuwa mchezo. Aliripoti kumi na nne, akiripoti ishirini na sita ataulizwa nani amezitega hizo nyingine mbele ya pua yake, na Ijumaa ikaja simu kwamba mkubwa mmoja mwenye nyota nyingi mabegani atafika kesho yake kukagua kwa macho. Marehemu alisema baadaye kwamba siku ile alimhurumia yule mtu, akajiona anamuua kwa mdomo wake, na akakusudia kwamba kukicha atamwambia ukweli hata kama ni yeye atakayezikwa.

Lakini Jumamosi asubuhi, tarehe 27, alipokwenda kumtafuta, alimkuta Draku amelala kifudifudi ukingoni, kofia imewekwa pembeni, uso karibu uguse maji. Hakugeuka. Alisema, "Mzee, kwetu Rhino Camp nyanya yangu alinichapa sana kwa sababu ya kukanyaga hii kitu."

Marehemu alikaa chini kando yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia nizitoe, afande. Hukuniuliza ni nini."

"Na maua?"

"Maua ni yangu."

Sajini alichukua kofia yake akaiweka mdomoni, akacheka ndani yake mabega yakitetemeka, mpaka askari wa mbali wakadhani analia wakaanza kusali. Kisha akafuta macho, akasema, "Sikiliza. Mimi na wewe tumeona bomu." Na mkubwa alipofika saa nne, alionyeshwa hatari ile kutoka umbali wa mita mia mbili, akatazama kwa darubini bila kushuka garini, akaelezwa kwamba adui alikuwa ametega mabomu thelathini na moja, kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa ya haraka tu, akaridhika, akaagiza pawekwe kibao, akampandisha Draku cheo palepale kwa ushupavu, akaondoka. Kibao alikitengeneza marehemu mwenyewe, bati zuri, herufi nyekundu, HATARI MABOMU USIPITE, na alikuwa ameshaanza kuchora ua kwenye kona mkono wake ulipozuiwa.

Huku nyumbani ilikuwa siku ya kumi na moja. Tulikuwa tumeuliza kila mahali ambapo mtu aliweza kuuliza na kurudi, njia ya Nakasenyi askari walikuwa wameifunga kwa waya, na pasipo mwili wala kaburi, Mama Kahambu alisema mtu wake hatakwenda kama kuku aliyepotea, atasomewa, basi turubai likafungwa, maharage yakapikwa, nywele za mjane zikanyolewa, na mchana ule Bwana Komakech akasimama kusoma historia ya marehemu kwa sauti ya kuita majina ya wafungwa, hata watu wawili nyuma wakaitikia. Alipokuwa amefika kwenye ndoa, landrova ya jeshi ikasimama mlangoni. Hatutataja nani alipita dirisha gani, tutasema tu kwamba padri peke yake ndiye aliyebaki kwenye kiti, na alituambia baadaye kwamba kiti kilikuwa kimembana, na kwamba Odoch alitolewa chini ya turubai jioni. Komakech hakuona kitu, alikuwa amekaza macho kwenye karatasi. Mzee akaingia, akaona matanga, akavua kofia, akakaa mkekani kwa adabu akajiuliza ni jirani gani amefariki, mpaka aliposikia "akalipa mahari ya mbuzi tisa."

"Kumi na mbili," akasema.

Komakech akasema msimkatize msomaji. Mzee akaongeza kwamba na mwaka wa kuzaliwa si 1922, na shule hakufukuzwa, aliacha, na ndipo Komakech akainua macho. Kosa la nne lilikuwa sentensi ya mwisho ya karatasi ile, naye aliisahihisha kwa kuomba maharage. Mama Kahambu alitoka chumbani, akamtazama kutoka kofia mpaka viatu, viatu vimejaa mchanga, akajishika kichwa chake kitupu akasema, "Umechelewa saa moja tu. Nywele zimekwenda." Kisha akakaa chini palepale na kulia, mara ya kwanza tangu alipochukuliwa.

Jumapili iliyofuata marehemu alikwenda kuungama uongo wake Lubaga, akapewa rozari tatu, na padri akamuuliza hao ngege watauzwa lini. Waliuzwa. Kibao kilisimama miaka mitano, hakuna lori lililooga pale, hakuna aliyechota mchanga, vitanda vilifika zaidi ya mia mbili, na watoto wa ngege wakajaa mpaka nje ya kighuba, ambako Akullo na wenzake walivua kwa masharti waliyojiwekea wenyewe, kwamba nyavu zisipite kibao, na msimu wa kutaga hakuna wavu. Siri hii, ukimtoa padri, waliijua watu wanne, na mmoja wao akiwa Akullo, na kwa kuwa Akullo hakumwambia mtu yeyote miaka mitano, tunaona hilo linastahili kusomwa mbele ya watu. Sajini Draku alikuja kila baada ya miezi miwili kukagua mabomu, akachuchumaa na mzee ukingoni, wakahesabu pamoja, akaondoka na samaki mmoja amefungwa kwenye gazeti. Siku chache kabla ya mji kuchukuliwa, Aprili mwaka huu, alipita nyumbani akiwa hana kofia wala viatu vya jeshi, hakukubali kukaa, akamwambia mzee, "Angalia bomu zetu," akaenda njia ya kwao. Hatujapata habari zake. Mama anaomba mwenye habari azilete, nzuri au mbaya.

Askari wapya walikiona kibao, wakaleta mitambo ya kutafutia mabomu, ikalia kila mahali, wakafukua siku nzima na kupata mabati ya maua, wakacheka, wakaondoka na kibao. Tangu hapo marehemu hakukaa vizuri. Miguu ilianza kuvimba mwezi wa Mei, madaktari wakasema ni moyo, na alipolazwa Agosti, Sista Marie-Louise alimkataza kabisa kutia miguu majini, naye akamuuliza kama mchanga wenye unyevu unahesabiwa. Akiwa kitandani aliomba aletewe bati na rangi, akatengeneza kibao kipya, na safari hii alichora ua bila kuzuiwa na mtu, akaandika, HAPA WATU WAMELALA. Alifariki Alhamisi tarehe 20 Septemba 1979, saa tatu asubuhi, mvua ikinyesha, baada ya kumuuliza Monique maji ya Nakasenyi yana rangi gani na kujibiwa kwamba ni meupe. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa, na vitanda mia mbili na kumi na sita kwa hesabu ya Jumapili iliyopita.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomtunza na kumvumilia, majirani waliolala nasi kwenye matanga haya na yale ya kwanza, Bwana Komakech ambaye leo ameomba asisome, na mafundi wa Katwe, hasa Odoch, ambao jana waliuchukua mchanga wa kaburi wakauchekecha wote kwa chekeche lake dogo mpaka usibaki na kokoto. Baada ya mazishi, wenye nguvu watatusindikiza kusimika kibao, na tunaomba, kwa kuwa mvua zimeanza, kila mmoja aangalie anapokanyaga.

Mama Kahambu aliagiza kwamba tukifika hapa tunyamaze kidogo kabla ya kufunga karatasi. Tumenyamaza. Mwaka, shule, mbuzi, na sentensi ya mwisho, vyote tumevisoma, na mlangoni hakuna aliyeingia kutusahihisha.

Baba Hortense, kitanda kimetandikwa, na miguu ya watu tumeiondoa. Pumzika sasa, kwa amani.